Hapa Hakuna Neno Dagaa

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, nakaa Kibirizi, Kigoma. Barua hii naitamka kwa mdomo, anayeiandika ni mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirembee. Mbele utaelewa kwa nini nimemtumia yeye.

Shule niliacha nikiwa darasa la tatu. Mjomba alinichukua nikamsaidie kuchota maji yanayoingia mtumbwini, na tangu siku ile ziwa ndilo lililonilea. Hesabu naijua: ya ndoo, ya deni, ya mgawo wa tajiri na mgawo wetu sisi tunaotoka usiku. Namba za simu nazisoma, jina langu naliandika. Ukinipa ukurasa wa maneno, herufi nazitambua moja moja lakini hazikusanyiki. Zinakuwa kama dagaa walioshtuka.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Zamani usiku wangu wa kulala nyumbani ulikuwa ule wa mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazivuti dagaa. Safari ile nikakaa nyumbani miezi mitatu mfululizo. Binti yangu alikuwa darasa la awali. Jioni moja akaja na kitabu alichoachiwa na watoto wa jirani aliyehama, jalada limeng'oka, akanikalia mapajani akasema, "Baba, nisomee."

Ningeweza kumwambia ampelekee mama yake. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, nikakifungua nikasoma. Yaani nikajifanya nasoma. Kulikuwa na picha ya msichana na ndoo, bibi kizee, na mwezi. Nikasema ndani ya ndoo kuna dagaa mdogo. Dagaa yule aliona taa ya wavuvi akadhani mwezi umeshuka majini, akaufuata. Bibi yake alikuwa amemwonya: mwezi wa kweli hauyumbi, ukiona mwezi unayumba jua una mtu chini yake. Shangazi, yule mtoto alicheka, akalia, akataka tena. Kila usiku akawa anataka. Nikikosea mahali ananirudisha: "Baba, umeruka pale bibi aliposema." Ziwa lilipofunguliwa akawa anahesabu siku za kufika mbalamwezi ili nirudi kumsomea.

Sasa yuko darasa la pili na kusoma anajua. Miezi minne iliyopita nimefungua kitabu kile kile, nimeanza kama kawaida, naye anafuata kwa kidole. Akanyamaza. Kisha akasema, "Baba, hapa hakuna neno dagaa. Nimetafuta kitabu kizima."

Nilimwambia nimechoka. Nikavaa koti nikatoka kwenda mwaloni, na usiku ule hakukuwa na mtu wa kwenda ziwani, mwezi ulikuwa mweupe kama mchana. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka nikaona nyumba nzima imelala.

Tangu hapo sijamsomea. Naye hajaniletea kitabu tena. Mwalimu wake anasema darasani anasoma vizuri, ila kama anayesukumwa. Kitabu cha hadithi hagusi. Nyumbani nako hakuna anayemsaidia. Mke wangu alimaliza la saba na anasoma, lakini anatoka alfajiri kwenda kununua na kuanika dagaa, jioni anasinzia na kijiko mkononi. Vitabu vya shule anavifungia kabatini visichafuke. Mama yangu, tunayekaa naye, anasema kwa Kiha kwamba mtoto wa kike akiinamia karatasi usiku ataharibu macho na mwiko utamshinda. Halafu yupo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, msomi wa chuo. Akija Jumapili anamsimamisha mtoto mbele ya wageni: "Haya, soma tukusikie." Akikwama neno moja shemeji anasonya.

Mke wangu anajua kwamba shule sikufika mbali. Hajui kwamba sikufika kabisa.

Maswali yangu ni haya. Je, nilimdanganya mwanangu? Nikimwambia ukweli ataniheshimu tena? Na nyumba ambayo baba hajui kusoma, inaweza kutoa mtoto anayependa vitabu?

Baba wa Kibirizi


JIBU

Marahaba, baba. Na mpwa wako nampa heko: kuandika maneno ya mjomba bila kuyaongezea chumvi ni kazi, na kuyatunza moyoni ni kazi zaidi.

Nianze na swali lako la tatu, kwa sababu ulikwisha kulijibu mwenyewe bila kujua. Nyumba hiyo tayari ilimtoa mtoto huyo. Mtoto anayehesabu siku za mwezi ili asomewe, anayekurudisha ukiruka sentensi, huyo ni mpenzi wa vitabu, na hakuwa na mwalimu mwingine wa mapenzi hayo ila wewe. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika silabi zake, ba be bi bo bu, haimchukui muda mrefu kuweza kutamka neno lolote lililoandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya darasa la kwanza na la pili, na shule inaifanya. Kilicho kigumu ni kumpa mtoto sababu ya kutaka kufungua kitabu ambacho hakuna aliyemwamuru akifungue. Wewe ulimpa sababu hiyo ukiwa na kitabu kisicho na jalada.

Mapajani pako alijifunza kwamba kitabu kina mwanzo na mwisho, kwamba picha na maneno vinakwenda pamoja, kwamba ukurasa ukifunguliwa kuna mtu ataongea kutoka ndani yake. Alijifunza pia kwamba hadithi haibadiliki hovyo, ndiyo maana alikudai sentensi uliyoiruka. Halafu akafika pale ambapo kila msomaji lazima afike: akaona kwamba maneno ya mdomoni na alama za karatasini ni vitu viwili, akavilinganisha, akakuta havifanani. Akatafuta neno moja kitabu kizima! Wapo wanafunzi wa sekondari wasio na subira hiyo. Wewe ulisikia amekukamata. Mimi nasikia mtoto aliyekuja kukuonyesha kitu alichokigundua.

Hapo ndipo penye jambo zito, baba, na nitalisema wazi. Unauliza kama ulimdanganya. Hadithi ya dagaa haikuwa uongo. Ilikuwa hadithi, na nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma. Kosa lipo mahali pengine, usiku ule ulipovaa koti. Jiweke katika nafasi yake. Kwa miaka miwili kusoma kulikuwa na maana ya kukaa na baba. Siku alipojua kusoma yeye mwenyewe, baba akainuka akaondoka, na hajarudi. Mtoto wa umri wake hajui aibu ya mtu mzima inafananaje. Anajua hesabu rahisi: nilisoma, baba akaondoka. Mwalimu anaposema anasoma kama anayesukumwa, mimi siwazi shule wala kabati. Nawaza hiyo hesabu.

Ndiyo maana ukweli unapaswa kusemwa, na usemwe na wewe.

Mwambie mke wako kwanza. Usimruke. Akija kuyasikia kwa mtoto ataona mlimficha wawili, na hilo litauma kuliko jambo lenyewe. Yeye anaamka alfajiri, wewe unarudi alfajiri; tafuteni saa moja ya mbalamwezi mkae. Nadhani utakuta anajua zaidi ya unavyofikiri. Wanawake wengi wanajua kwa nini mume huwa anasema "nisomee wewe, miwani sina" wakati miwani hakuwahi kuwa nayo.

Kisha mtoto. Si mbele ya bibi, wala Jumapili shemeji akiwepo. Chukua kitabu kile kile, kaa pale mlipokuwa mnakaa, mwambie kwa maneno yako. Mimi ningesema hivi: "Mwanangu, ulisema kweli. Neno dagaa halimo. Baba hakumaliza shule, kusoma hajui vizuri. Ile hadithi niliitoa kichwani mwangu kwa sababu nilitaka ukae na mimi. Siku ile niliondoka kwa aibu, hukukosa kitu. Sasa nisomee, nijue kumbe waliandika nini." Usimwambie asimwambie mtu. Siri ya mtu mzima ni mzigo mzito kwa mtoto, na ataibeba kila anapofungua daftari.

Unaogopa heshima. Acha nikuambie jambo la nyumbani kwetu. Nimezaliwa Tabora. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi hii ilikuwa imetoka kwenye hali ambapo, kwa takwimu za 1967, karibu watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma. Watu wakaingia madarasani kwa maelfu, wengine kwenye magodauni, wengine barazani. Kwetu tuliita ngumbaru. Mama yangu alisomea chini ya mwembe wa jirani, na mji wetu haukosi mwembe. Mimi nilikuwa darasa la pili, kama binti yako. Usiku mama alikuwa akiweka kibatari katikati, ananionyesha herufi mbili: "Hii na hii zikikutana zinasemaje?" Baba, sikumbuki hata siku moja kumwona mdogo. Nakumbuka nilivyokuwa nakimbia kusoma kurasa za mbele kabla hajafika, nisije nikakosa jibu. Kama leo naishi kwa kalamu, chimbuko ni pale kibatarini, kwa mtu aliyekuwa hajui akaniuliza.

Ukishasema ukweli, kazi yako ya kusoma haijaisha, imebadilika tu. Yeye asome, wewe uulize. Na kuuliza siyo kumpima. Usiulize "hili neno gani", hilo ni la mwalimu. Uliza kama mvuvi anayesikiliza habari za mwalo mwingine: kwa nini yule bibi alinyamaza? Wewe ungekuwa na ile ndoo ungefanyaje? Unadhani ukurasa unaofuata atarudi? Mwaka 1988 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Grover Whitehurst walichapisha jaribio walilofanya na wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wote walikuwa wanawasomea watoto, na kwa kiasi kilekile karibu. Kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kumwachia mtoto asimulie, na kuendeleza alichosema. Kundi la pili liliendelea na mazoea yake. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewapita wenzao wazi katika kuzungumza. Wale wazazi walijua kusoma, ni kweli. Lakini kilicholeta tofauti ni yale mazungumzo, na mazungumzo unayaweza. Mtu aliyetunga "mwezi wa kweli hauyumbi" hahitaji kufundishwa namna ya kuongea na mtoto.

Na hadithi ya dagaa, tafadhali, usiizike. Kitabu kile sasa kina hadithi mbili, ya waliokiandika na ya kwako. Nunua daftari. Wewe simulia, mpwa wako aandike kwa herufi kubwa zinazosomeka, mistari miwili mitatu kila ukurasa, binti achore. Kitabu hicho mtoto atakisoma bila kusukumwa kwa sababu anajua kinakokwenda na anataka kukuta kila kitu kipo mahali pake. Kwako kina faida ya pili: maneno ambayo umeyatamka mwenyewe mara mia ndiyo rahisi kuyasoma. Weka kidole chini ya "mwezi wa kweli hauyumbi" ukiwa unajua tayari imeandikwa nini, na zile herufi zitaanza kukusanyika.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, nenda kwa Afisa Elimu Kata wako umuulize kuhusu MUKEJA, Mpango wa Uwiano Kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii. Ndiyo ngumbaru ya siku hizi. Mweleze kwamba usiku wako ni wa ziwani na kwamba unapatikana zaidi wakati wa mbalamwezi, mwone anakupangaje. Nenda kwa ajili yako. Mtoto hakuhitaji uwe msomi ndipo akupende, ila wewe umechoka kuona herufi zinakukimbia, nalisoma hilo katika barua yako.

Kabati. Namwelewa mama watoto kabisa: vitabu vya shule ni vya Serikali, mara nyingine watoto kadhaa wanagawana kimoja, kikipotea ni kesi. Hivyo avifungie kama roho yake haitulii. Lakini nyumba iwe na angalau kitabu kimoja au viwili vinavyoruhusiwa kushikwa kwa mikono yenye mafuta ya mawese, kuanguka na kulaliwa. Kile kisicho na jalada kinafaa, na daftari la dagaa litafaa zaidi. Kama mpwa wako ana simu ya kupakulia, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa bure hadithi za watoto zenye picha, nyingi kwa Kiswahili. Na mama mwenyewe aonekane akisoma, hata kama ni daftari la madeni ya dagaa tu. Amwite binti: "Njoo unisaidie, hapa niliandika ndoo ngapi?" Dakika tano zinatosha, kisha alale, amefanya kazi tangu alfajiri.

Bibi msimbishie. Kusoma kwenye mwanga hafifu kunachosha macho, hakuyaharibu, lakini ukimwambia hivyo mtabishana mpaka ziwa lifungwe tena. Mpe nafasi badala ya jibu. Nadhani karatasi inamtia hofu ya kupokonywa mjukuu, kwa kuwa haina lugha yake. Mwombeni asimulie hadithi zake za Kiha, mtoto akae hapo. Anayejua hadithi inavyoanza, inavyosokotwa na inavyofunguka kwa Kiha, hapotei anapoikuta kwa Kiswahili kitabuni. Hata ufundi wako wewe haukutoka ziwani, baba. Muulize mama yako ni nani aliyekuwa anakusimulia.

Shemeji ndiye ninayekutaka uende naye kwa uangalifu. Usimkabili wewe, ni kaka wa mkeo, amesoma, na wewe una donda lako, maneno yatatoka vibaya. Dada yake amwambie. Amwambie kwa upole kwamba mtoto anampenda mjomba wake lakini Jumapili zimeanza kumwogopesha, na kwamba akitaka kusaidia, aje na kitabu kimoja, akae chini, ageuke yeye kuwa msomaji na mtoto awe msikilizaji. Akitaka sana kumsikia, ampe muda apitie kimoyomoyo kwanza, na wageni wasiwepo. Msonyo mmoja wa mjomba unafuta kurasa nyingi. Wapo watu wazima ninaowafahamu wanaotetemeka wakipewa risala wasome, na ukiwachimba unakuta sebule fulani, wageni fulani, na mtu mmoja aliyesonya.

Umeniuliza kama atakuheshimu tena. Kutoka kwenye barua yako sioni mahali alipoacha. Aliacha kuleta kitabu, kwa sababu aliona kinakufukuza. Hilo utalijua usiku ule utakapokishika wewe kwanza na kumwita.

Nina ombi moja. Daftari likikamilika, mpwa wako aninakilie ukurasa wa mwisho. Nimejiuliza tangu barua ilipofika: yule dagaa mdogo, ndoo ile ilimwagwa ziwani, au yule msichana alifika naye nyumbani?

Shangazi